Ndege wangu alikufa ndani ya gari letu la safari. Waliobaki niwaache nyumbani?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tanga, upande wa Chumbageni. Mume wangu aliendesha malori ya masafa kwa miaka mingi. Alipoacha kazi mwaka jana alinunua Coaster kuukuu akaigeuza nyumba. Viti vyote vilitolewa. Seremala akatuwekea kitanda, makabati na meza ya kukunja, fundi mwingine akafunga tangi la maji na jiko la gesi katikati ya gari. Tumepanga mwezi wa saba tuondoke: Korogwe, Lushoto kwa wifi yangu, kisha Moshi. Kutoka hapo mume wangu anataka tuvuke Holili tupite Taveta na Voi hadi Mombasa kwa ndugu zake, turudi nyumbani kwa Horohoro. Wiki 3.

Kikwazo ni ndege. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na nilikuwa na cherero wawili, wale kasuku wadogo. Kasuku ni urithi. Marehemu baba alimpata miaka ya 1990 kutoka kwa nahodha mmoja wa jahazi, akakaa naye barazani, wakanywa chai pamoja, mpaka baba alipofariki miaka 4 iliyopita. Hadi leo, kila alfajiri, yule ndege huniita: "Mwana, leta chai!" Sauti ni ya baba mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo hutangulia. Shangazi, wenzangu wana picha ukutani. Mimi nina hiyo sauti.

Mwezi uliopita tulikwenda Pangani siku mbili kulijaribu gari. Niliwachukua wote watatu. Kasuku na cherero jike niliwaweka mbele karibu na dirisha la dereva, dume nikamtundika karibu na jiko, kwa kuwa yeye na jike walidonoana njia nzima. Usiku ulipita salama. Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, madirisha tumeyafunga isipokuwa lile la dereva lililokuwa wazi kidogo. Nikawasha jiko nichome chapati. Nilikuwa na kikaango kipya, vile vyeusi visivyogandisha, nikakiacha kishike moto huku nasukuma. Kabla sijageuza chapati ya pili, dume akaanza kutweta, akaanguka chini ya tundu. Nilimtoa nikamshika, akafia mkononi mwangu. Kasuku alinyamaza siku mbili nzima. Nilidhani naye anakwenda.

Mume wangu anasema ni mtikisiko wa gari, ndege si viumbe wa kusafirishwa. Mama mkwe anasema ni kijicho, maana gari letu linatazamwa sana. Sasa mume ameweka neno: safari bila ndege, au nibaki nao. Nilimjibu vibaya, na tangu siku ile tunaongea mambo ya sokoni tu. Kaka yangu mdogo amejitolea kukaa nao, na ni kweli kasuku humwitikia sana kwa sababu sauti yake na ya baba watu huzichanganya, lakini ndege hajawahi kuwafuga.

Niwaache au niwachukue? Na huyu cherero jike aliyebaki peke yake, nimnunulie mwenzake? Wapo vijana wanaowauza njiani.

Mwana, Chumbageni

JIBU

Marahaba, Mwana. Pole sana. Kiumbe akikufia mkononi, hata awe na uzito wa yai moja, mkono haukusahaulishi upesi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama mahali pamoja: kikaango kipya, madirisha yamefungwa, tundu kando ya jiko. Ndege huyo sikumwona, wala hakuna daktari aliyempasua kumchunguza, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini ndege aliyelala mzima, akatweta na kufa ndani ya dakika chache kando ya kikaango kilichoachwa kitupu motoni, mimi simtafutii sababu barabarani. Barabara ya Pangani ilikuwa imekwisha tangu jana yake.

Vikaango vile vyeusi vingi vimepakwa utando uitwao PTFE. Kwa moto wa kawaida hauna shida. Ukiachwa mtupu juu ya moto mkali, ukapita nyuzi joto 260 hivi, huanza kuvunjika na kutoa hewa ambayo wewe pengine huisikii hata harufu. Mtu mzima akiivuta nyingi huumwa kama mwenye mafua, kisha hupona. Ndege mdogo hufa. Wafugaji wa kasuku duniani kote wamepoteza ndege kwa njia hii, wengine wakiwa na tundu chumba cha pili. Ninyi mlikuwa ndani ya Coaster iliyofungwa kwa mvua. Ninavyoona mimi, lile dirisha la dereva lililobaki wazi kidogo ndilo lililowaokoa wale wawili.

Kwa nini ndege na si wewe? Kwa sababu ndege anapumua kwa namna nyingine kabisa. Mbali na mapafu ana vifuko vya hewa, kwa ndege wengi 9, vimetapakaa kifuani na tumboni. Vifuko hivyo vinafanya hewa mpya ipite mapafuni anapovuta na anapotoa pumzi. Hilo ndilo linalompa nguvu ya kuruka, na ndilo linalofanya sumu yoyote iliyo hewani imfikie haraka kuliko inavyokufikia wewe. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliingia mashimoni na ndege wadogo matunduni kwa sababu hiyo hiyo, na desturi hiyo ilikoma mwaka 1986 tu. Ndege akianguka, watu walikimbia.

Basi hilo ndilo neno langu kubwa kwako, na mengine yote yanafuata nyuma yake: katika nyumba ya magurudumu, tazama hewa kwanza. Nyumbani kwako Chumbageni kuna baraza, kuna dari, kuna upepo wa bahari. Ndani ya Coaster, kila unachochoma na kila unachopuliza kinakaa na ndege.

Kikaango hicho kisiingie tena garini. Beba chuma cha chapati cha zamani na sufuria za kawaida, na jiko lihamie nje. Mwambie fundi akutengenezee meza ya kukunja ubavuni mwa gari chini ya turubai, upike ukiwa umesimama chini. Mvua ikizidi, kuleni mkate. Sisi watu wa Pwani tuna jingine ambalo hatulihesabu kuwa ni moshi: udi na ubani. Najua gari jipya litafukizwa kabla ya safari. Lifukizeni siku ndege hawamo, milango wazi, na chetezo kisipande tena garini. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza, marashi ya chupa, vyote hivyo visifike karibu nao. Tumieni chandarua na nyavu za madirishani. Hata makabati yenu: kama vanishi na gundi bado vinanuka ukilifungua gari asubuhi, gari hilo halijawa tayari kwa ndege. Liacheni lipigwe upepo wiki kadhaa.

Lushoto napataja peke yake kwa sababu pananitia hofu. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake si ya kuzoeleka kwa mtu wa Tanga. Watu wakibanwa na baridi huingiza jiko la mkaa ndani wakafunga mlango. Mwana, hilo haliui ndege peke yao. Mkaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini, na kila mwaka tunazika watu kwa ajili yake. Vaeni sweta, ongezeni blanketi, tundu lizungushiwe kanga mbili za pamba juu na pande tatu, upande mmoja uachwe apumue. Ikiwezekana, usiku wa Lushoto ndege walale ndani kwa wifi yako, mbali na jikoni kwake.

Sasa mume wako. Amekosea sababu, lakini usimpelekee maneno yangu kama hati ya ushindi. Mtu aliyeshika usukani miaka yote hiyo akisema mtikisiko umeua, anajihesabia kosa yeye mwenyewe, maana dereva ni yeye. Mwambie kwamba si uendeshaji wake. Nadhani analisubiri neno hilo. Na wewe usijitwike lawama ya chapati. Kikaango ulikinunua dukani kama wengine, na hakuna aliyekueleza. Kisha mpe kazi anayoijua: aikague ekzosi yote kutoka injini hadi nyuma, aone kama kuna shimo au kiungo kinachovuja moshi chini ya sakafu, maana Coaster kuukuu huvuja. Na mkisimama, injini izimwe. Mama mkwe mwache na kijicho chake, usibishane naye.

Kuna jambo hukuniuliza, nami siwezi kulinyamazia. Kasuku wako ana hati? Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ndege wa mwituni hafugwi bila kibali, na urithi hauondoi sharti hilo. Cherero nao ni hivyo hivyo, hata kama tumezoea kuwaona sokoni. Yule mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano asili yake ni Tanzania. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori hapo Tanga na maelezo ya kweli: baba alimpata lini, alifariki lini, mnao wangapi. Kwenda mwenyewe na kusimamishwa njiani ukiwa na tundu mkononi ni mambo mawili tofauti. Kisha umwone daktari wa mifugo awapime na akuelekeze kuhusu kibali cha kuwasafirisha, kwani sheria ya magonjwa ya wanyama inagusa ndege pia.

Kuhusu Mombasa, hapo nakukatalia moja kwa moja. Kasuku wa kijivu tangu Januari 2017 yuko katika daraja la juu kabisa la ulinzi kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Kumvusha Holili kunahitaji vibali vya nchi zote mbili, na serikali yetu ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Akikamatwa pale mpakani hatarudi kwako, na ile sauti itaondoka naye. Mume wako akiwatamani ndugu zake, apande basi siku nyingine. Horohoro si mbali. Na mkiwa na ndege garini msipange kulala Mkomazi wala Saadani, maana hifadhi za taifa haziruhusu kuingia na wanyama wa kufugwa.

Kwa hiyo safari yenye ndege ni hii: Tanga, Lushoto, Moshi, na kurudi kwa njia ile ile. Hati zikitoka kabla ya Julai, wachukue. Zisipotoka, watabaki na kaka yako, nitalifikia hilo.

Msianze na safari kubwa. Kuanzia wiki hii, kila jioni mpandishe kasuku garini likiwa limesimama uani, ukae naye, umsemeshe, mshuke. Baadaye injini iwashwe, tundu likiwa mbele na milango wazi. Baadaye mzunguko mfupi hadi Raskazone na kurudi. Mzee kama yeye, ambaye kwa miaka zaidi ya 25 amezoea baraza moja, hapendi kustukizwa. Ukimharakisha anaweza kuanza kujinyonyoa manyoya, na tabia hiyo ikishamkaa haitoki kirahisi. Atakapokubali kula tunda gari likitembea, hapo rudieni Pangani.

Tundu la safari liwe dogo kuliko la nyumbani, lisininginie popote. Lile la dume ulilitundika. Hata bila kikaango, breki moja kali ingemvunja. Lifungwe kwa mkanda juu ya kiti au sakafuni, kijiti cha kukalia kiwe chini chini, bembea na vioo vitolewe. Upande mmoja ufunikwe ili akiogopa malori ya Segera awe na pa kujificha. Bakuli la maji hutikisika likamlowesha, basi njiani wape vipande vya tango au chungwa, na maji muwape mkisimama, kila baada ya saa 2 hivi. Kasuku hafunguliwi gari likitembea. Na kabla mlango wa Coaster haujafunguliwa, tundu liwe limekwisha kufungwa, kila mara, bila kusahau hata mara moja. Ndege aliyetoka mlangoni Mombo usitegemee kumwona tena.

Ondokeni baada ya sala ya alfajiri. Kipande cha Mombo hadi Same kinaunguza, nacho ni vizuri kukipita asubuhi. Ndege hatoki jasho. Akizidiwa na joto utamwona mdomo wazi, anatweta, mabawa ameyaachanisha na mwili. Hapo simamisheni gari kivulini, mloweshe miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Msiwaache garini mkaenda kula. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupanda nyuzi 10 katika dakika 10. Mmoja ale, mwingine akae nao. Dalili nyingine ni za kimya zaidi: manyoya yametuna, mkia unapwitapwita kila akipumua, amekaa chini ya tundu. Ndege huficha ugonjwa mpaka umemlemea, hivyo ukiziona usingoje kesho.

Chakula beba cha nyumbani: uwele, ulezi, mtama wa cherero, mahindi mabichi na mchicha wa kasuku. Njia ya Usambara utakutana na maparachichi mazuri na ya bei nafuu. Kuleni ninyi. Parachichi ni sumu kwa ndege hawa, hata kipande kidogo. Na ile chai ambayo baba alikuwa akinywa naye barazani, Mwana, naijua desturi hiyo na najua ilikuwa ya mapenzi, lakini majani ya chai na kahawa huuchosha moyo wa ndege. Akiiomba, mpe maji kwenye kikombe kile kile.

Cherero jike usimnunulie mwenzake njiani. Wale wanaouzwa barabarani mara nyingi wamenaswa porini, na hujui wamebeba ugonjwa gani. Ukiweka mgeni wa namna hiyo ndani ya Coaster, hata kasuku utamweka hatarini. Kwa sababu hiyo hiyo, mkiegesha gari kijijini, tundu likae mbali na kuku. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, huhama kwa kinyesi, kwa viatu na kwa mikono. Huyo jike sasa anahitaji wewe: lisogeze tundu lake karibu na la kasuku, waonane bila kugusana, na ongea naye mara kwa mara. Mkisharudi, mtafute mfugaji mwenye kibali, na mgeni akae chumba chake kwa mwezi mzima kabla ya kukutanishwa.

Na hati zikichelewa, wala usijione umemsaliti marehemu kwa kumwacha kasuku wiki 3 na kaka yako. Umeniandikia wewe mwenyewe kwamba ndege humwitikia sana, kwa sababu ya sauti. Kwa kasuku wa umri ule, kubaki baraza lile lile na kusikia sauti ile ile kunaweza kuwa raha kuliko kitanda chochote cha Coaster. Kaka hajui kufuga, lakini kujua kunafundishika. Mlete akae nawe wiki moja kabla ya safari, afanye kazi zote mbele yako: kubadilisha maji asubuhi na jioni, kutandika karatasi chini ya tundu, kunawa mikono, kulifunika tundu magharibi ili ndege apate saa 10 hadi 12 za giza. Mwandikie namba ya daktari wa mifugo ukutani. Mwonyeshe kikaango kile, ukitoe nyumbani mbele ya macho yake. Na mwambie ndege akiita alfajiri amwitikie, amsemeshe kadiri apendavyo, ila chai asimpe.

Shangazi